Kambi ya kando ya ziwa: mmoja anapanda miamba, mwenzake hapandi. Mnachaguaje?

#1 – Mleta mada

Habari zenu wadau. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu kila msimu wa likizo unapokaribia, swali ni lile lile. Watu wawili wanataka kusafiri pamoja. Mmoja ana kamba, karabina (zile pete za chuma za kufungia kamba) na viatu vya kupandia, na akiliona jabali anatulia palepale kulitazama. Mwingine hapandi, hana mpango wa kupanda, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Wanakubaliana kwenda ziwani: huyu apate mwamba wake, yule apate maji na kivuli. Halafu wanafungua ramani, wanatafuta kambi iliyo karibu kabisa na mwamba, wanalipia. Hapo ndipo wanapokosea.

Msimamo wangu ni huu, na ninausimamia: kambi ichaguliwe kwa kumfuata asiyepanda.

Fikirieni siku yenyewe inavyokwenda. Anayepanda anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, anakula, analala. Kwake kambi ni mahali pa kulaza mgongo. Asiyepanda ndiye anayeishi pale kutwa nzima. Yeye ndiye atakayejua kama saa saba mchana kuna kivuli au hakuna, kama vyoo vinasafishwa, kama ufuko una mchanga au ni matope na nyasi, kama kuna mahali pa kwenda kwa miguu bila kumsubiri mtu. Mwamba ukiwa mbali kidogo, mpandaji ataufikia tu, maana ana hamu nao. Lakini kambi mbaya haina dawa kwa mtu aliyeachwa ndani yake kwa muda wa saa nane au tisa.

Mfano ninaoupenda ni Arco, kaskazini mwa Italia, karibu na ziwa Garda. Mji wenyewe hauko ufukweni, uko kilomita kama tano kutoka majini, na miamba ya mawe ya chokaa imeuzunguka. Mashindano ya Rock Master yalianza pale mwaka 1987, na mashindano ya dunia ya kupanda yalifanyika hapo mwaka 2011, kwa hiyo kupanda ni sehemu ya maisha ya mji. Wengi wakisikia hivyo wanataka hema lao likae chini ya ukuta wa mwamba. Mimi ningeangalia kwanza upande wa ziwa, Torbole au Riva del Garda. Kuna njia ya baiskeli inayofuata mto Sarca kutoka Arco hadi ziwani, tambarare kabisa. Mpandaji akiamka Torbole anapiga pedeli kwenda kwenye mwamba, na gari linabaki kwa mwenzake. Au mwenzake naye anachukua baiskeli, anaingia mjini, anatembea, anarudi anapotaka.

Hilo la gari naliwekea mkazo. Kabla ya kuuliza kambi iko umbali gani kutoka kwenye mwamba, ulizeni ufunguo wa gari utabaki kwa nani. Kama jibu ni kwamba gari litakaa siku nzima kwenye maegesho ya wapandaji, basi kambi lazima iwe mahali ambapo asiyepanda anaweza kutoka kwa miguu, kwa baiskeli, kwa basi au kwa boti ya abiria.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nakubaliana nawe nusu. Mimi ni mpandaji na naona umelipunguza jambo la muda. Mwamba wenye joto haupandiki vizuri: mikono inatoka jasho, mpira wa viatu unateleza. Wakati wa kiangazi nyakati nzuri ni mbili, alfajiri na jioni. Nikilala kilomita ishirini kutoka kwenye mwamba, nikifika jua limeshaupiga. Kwa hiyo nitakaa mpaka jioni nisubiri upoe, na huyo mwenzangu tunayemhurumia ndiye atakayeningoja hadi usiku. Kambi ya karibu inaweza kumfaa hata yeye, maana ninarudi mapema.

#3 – Mleta mada

Hoja nzuri sana, na inatufikisha kwenye jambo ambalo watu hawaliangalii: mwamba unatazama upande gani.

Ukuta unaotazama magharibi una kivuli asubuhi. Unaotazama mashariki una kivuli mchana na jioni. Katika nchi za kaskazini ya dunia, ukuta unaotazama kaskazini hukaa kivulini karibu siku nzima wakati wa kiangazi. Kusini ya dunia ni kinyume chake. Kwenye ikweta mambo hubadilika ndani ya mwaka: karibu na Juni jua linapiga nyuso za kaskazini, karibu na Desemba linapiga za kusini. Vitabu vya njia za kupanda karibu vyote huandika uelekeo wa ukuta, basi usome hapo kabla ya kusoma daraja la ugumu.

Sasa upatanishe na siku ya mwenzako. Muulize yeye anataka muwe pamoja saa ngapi. Kama anapenda asubuhi ya polepole, kahawa na kitabu, wewe nenda kwenye ukuta wa magharibi alfajiri, rudi saa sita, mchana mzima ni wenu majini. Kama anapenda kuogelea asubuhi mkiwa pamoja na kupumzika peke yake alasiri, tafuta ukuta wa mashariki. Ukiyajua hayo, kilomita kumi za ziada hazitakusumbua, kwa sababu unafika mwamba ukiwa kivulini.

Upepo nao una ratiba. Garda ina pepo mbili maarufu. Pelér huvuma kutoka kaskazini tangu usiku hadi asubuhi, na Ora huvuma kutoka kusini kuanzia kama adhuhuri. Torbole imejaa watu wa mashua na mbao za tanga kwa sababu ya pepo hizo. Kwa asiyepanda ambaye ni fundi wa tanga, hakuna mahali pazuri kama hapo. Kwa asiyepanda anayetaka kujifunza kupiga kasia kwenye maji yaliyotulia, Ora itamsukuma ufukweni kila alasiri, kwa hiyo muda wake ni ule utulivu wa katikati ya pepo hizo mbili. Faida moja ya upande ule wa kaskazini, ulio ndani ya mkoa wa Trentino, ni kwamba boti za injini za watu binafsi haziruhusiwi, na muogeleaji ana amani.

#4 – Mchangiaji

Naomba niseme mimi niliye upande wa pili, maana wapandaji mmejaa humu. Mimi ni mke wa mpandaji na sipandi. Mleta mada amesema kweli kuhusu ufunguo wa gari, lakini kuna mambo yananiuma zaidi.

La kwanza ni kamba. Jamani, mtu asiyepanda si mshika kamba wa akiba, yaani yule anayesimama chini akiidhibiti kamba ya mpandaji asianguke hadi chini. Kushika kamba ni kazi ya uhai wa mtu, inafundishwa, inafanyiwa mazoezi, na uzito wenu ukitofautiana sana yule mwepesi ananyanyuliwa juu mwenzake akianguka. Mtu akinifundisha nikakubali, sawa. Lakini kunipeleka ziwani ukijua huna mwenza wa kupanda naye, halafu asubuhi unaniambia “ni njia mbili tu”, hiyo si likizo yangu tena. Kama huna mwenza, tafuta kabla hamjaondoka, au chagueni kambi ambayo wapandaji wengine wanalala, au lipa kiongozi wa kupanda.

La pili ni usingizi. Mnaondoka saa kumi na moja, na karabina zinagongana hema zima. Fungeni mizigo usiku, iwekeni nje au kwenye gari. Na hema lenyewe liwe na mti au kilima upande wa mashariki. Jua likichomoza moja kwa moja kwenye hema, kufika saa mbili limeshakuwa tanuri, na mimi niliyetaka kulala nimeamshwa mara mbili.

La tatu ni wasiwasi. Mpandaji haelewi jinsi saa ya mwisho inavyokuwa ndefu kwa anayengoja. Saa ya kurudi iandikwe. Jina la mwamba na la njia liandikwe. Tukubaliane kabisa kwamba ikipita saa fulani bila taarifa nafanya nini, nampigia nani. Ulaya namba ni 112. Na kambi isiyo na mtandao wa simu mimi siikubali hata iwe na ufuko wa namna gani, kwa sababu hiyo.

#5 – Mleta mada

Dada, asante sana. Ningependa kila mpandaji asome #4 kabla ya kulipia chochote.

Naongeza kidogo kuhusu hema. Watu wanapenda kulisimamisha kwenye ukingo kabisa wa maji kwa ajili ya mandhari. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani na kutulia mahali pa chini, na unyevu wa ziwa hugeuka umande. Mnaamka kila kitu kimelowa. Pandeni kidogo, mita chache tu juu ya ufuko, acheni matundu ya hema wazi, na mtapata pia afueni ya mbu. Chini ya mwamba napo si mahali pa hema wala pa mkeka wa kusomea kitabu. Mawe huanguka, wakati mwingine yakiangushwa na wapandaji wenyewe. Mwenzako akija kukutazama, avae kofia ngumu kama wewe au akae mbali na mguu wa ukuta.

#6 – Mchangiaji

Vipi Naivasha na Hell's Gate? Naona watu wengi wa huku wanaanzia hapo.

#7 – Mleta mada

Ni chaguo zuri sana kwa wawili wa aina hii, na sababu yangu si mwamba. Hell's Gate, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1984, ni moja ya hifadhi chache za Kenya ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Mmoja anapanda Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye kimo cha mita kama 25, na mwingine anapita na baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Wote wako ndani ya hifadhi, kila mmoja na siku yake. Kambi za ziwani ziko barabara ile ile ya kusini mwa ziwa, si mbali na lango.

Ila lazima muwe wakweli kuhusu neno “ziwani”. Naivasha si ziwa la kuogelea. Lina viboko, na viboko hutoka majini usiku kula nyasi, mara nyingi kwenye nyasi zile zile zilizo mbele ya hema lako. Kambi nyingi zina uzio wa umeme unaowashwa jioni. Ukishawashwa, baki upande wako, hata kama mwezi unang'aa na picha inakuita. Kama mwenzako anachotaka ni kuogelea, msimpeleke Naivasha. Kama anapenda ndege, mafunjo, safari ya boti na nahodha wa pale, atafurahi kuliko mpandaji. Na abebe nguo nzito: ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi.

Jingine ni maji kupanda. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likameza sehemu za fukwe na baadhi ya kambi. Picha nzuri uliyoiona ya nyasi na miti ya migunga inaweza kuwa ya kabla ya hapo. Piga simu, uliza maji yamefika wapi mwezi huu.

Na kwa anayebaki chini: lile korongo la Hell's Gate linavutia, lakini mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe ukiwa juani, na maji yakakufuata. Ulizeni askari wa hifadhi kama korongo liko wazi siku hiyo, na mkiona mawingu mazito upande wowote, msishuke. Mpandaji naye aulize kuta zipi zina viota, kwa sababu tumbusi huzalia kwenye miamba ile na hawapaswi kusumbuliwa.

#8 – Mchangiaji

Kwenye maziwa yetu mengine ya kuogelea, kichocho je? Naona uzi unasifia maji tu.

#9 – Mleta mada

Umefanya vyema kuuliza, maana anayebaki kambini ndiye atakayekaa majini muda mrefu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, hata ukiwa umesimama maji yakifika magotini. Ziwa Victoria na ziwa Malawi zote mbili zina tatizo hilo. Sehemu za hatari zaidi ni maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi ya watu. Kujifuta haraka na taulo si kinga ya kutegemea. Kama mmeingia majini katika eneo la namna hiyo, mkapime wiki kadhaa baadaye hata kama hamna dalili. Dawa yake, praziquantel, inafanya kazi vizuri. Binafsi, kwa mtu ambaye raha yake kuu ni kuogelea, ningechagua kambi yenye bwawa safi la kuogelea, ziwa libaki la kutazama na la kupigia kasia.

Maziwa ya milimani yana hatari ya aina nyingine. Yale yanayolishwa na theluji hubaki baridi hata hewa ikiwa ya moto. Ukijirusha ghafla, mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kupenda, na kama kichwa kiko chini ya maji umevuta maji. Ingieni polepole kutoka ufukweni. Anayepanda kwenye kayaki peke yake avae jaketi okozi akiwa bado nchi kavu.

#10 – Mchangiaji

Nimekaa Marekani kidogo, naomba niitaje Devil's Lake, Wisconsin. Kwa maoni yangu inakidhi karibu kila kitu alichosema mleta mada. Ziwa liko katikati, majabali ya kwatzaiti, aina ya mawe magumu sana, yanapanda hadi kama mita 150 juu yake, kuna fukwe za kuogelea kaskazini na kusini, kambi ziko ndani ya hifadhi yenyewe, na injini za boti zinazoruhusiwa ni za umeme tu. Jambo zuri ni kwamba njia za watembea kwa miguu zinapita juu ya majabali. Wapandaji pale hawapigi bolti za kudumu kwenye mwamba, wanafunga nanga zao (sehemu za kushikilia kamba) juu kwa vifaa vyao, kwa hiyo asiyepanda anaweza kupanda kwa ngazi za mawe akakutana na mwenzake juu, wakatazama ziwa pamoja. Kwatzaiti inateleza, mjue hilo.

Kasoro ambayo haimo kwenye picha: reli inapita kandokando ya ziwa. Treni za mizigo. Mwenye usingizi mwepesi aangalie ramani kabla ya kuchagua sehemu ya hema.

#11 – Mleta mada

Hiyo ya reli ni taarifa ya dhahabu. Ramani ya setilaiti inaonyesha reli, barabara kuu, uwanja wa ndege, hata kivuli cha miti. Dakika kumi za kuitazama zinakupa mengi kuliko maoni mia ya wageni waliopita.

Na hicho cha kukutana juu ndicho ninachokiita saa ya pamoja. Kambi nzuri ina sehemu moja ambayo wote wawili wanaweza kufika, kila mmoja kwa njia yake. Kilele chenye njia ya miguu, kituo cha boti, daraja. Mkiipata hiyo kwenye ramani, nusu ya kazi imekwisha.

#12 – Mchangiaji

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo?

#13 – Mleta mada

Hapo ndipo kambi iliyo karibu na mji inapoishinda ile ya porini, na asiyepanda ndiye anayeokoa safari kwa sababu tayari ameshajua mji una nini.

Angalia Llanberis huko Wales. Mvua ni ya kawaida pale. Lakini kijiji kiko ukingoni mwa ziwa, Llyn Padarn, na ng'ambo yake kuna machimbo ya zamani ya sleti (mawe ya kuezekea mapaa) ya Dinorwic yaliyofungwa mwaka 1969, ambayo sasa wapandaji huyapanda. Sleti hukauka haraka mvua ikikatika, hivyo mpandaji hapotezi siku nzima. Mwenzake ana treni ndogo inayopita kandokando ya ziwa, na ile ya mlima Snowdon iliyoanza mwaka 1896. Vyote hivyo ni vya kufika kwa miguu kutoka kijijini.

Msichanganye na mwamba wa mchanga. Huo ukilowa unakuwa dhaifu, vishikio vinavunjika, na kwenye sehemu nyingi ni mwiko kuupanda hadi ukauke vizuri, siku moja au zaidi. Kwa hiyo kama eneo lenu ni la mwamba wa mchanga na utabiri ni wa mvua, hesabuni kwamba mpandaji naye atakuwa kambini. Basi kambi iwe na paa la pamoja la kupikia na kukaa, maana watu wawili ndani ya hema dogo siku tatu watagombana hata kama wanapendana sana.

#14 – Mchangiaji (yule wa #4)

Mkuu, umemaliza yote ila moja. Mwaka huu mume wangu amenipa ramani, akaniambia nichague kambi mimi, yeye atatafuta mwamba kuizunguka. Nimeweka alama tatu, zote zina basi la kwenda mjini. Naomba mnisaidie: kambi moja iko ng'ambo ya ziwa, na njia ya kufika kwenye mwamba ni boti ya abiria peke yake. Niiache?

#15 – Mleta mada

Usiiache kabla hujaangalia ratiba. Tazama boti ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, kisha uone mwamba una kivuli saa ngapi. Boti ya kwanza ikiwa saa tatu na ukuta ni wa magharibi, atafika jua likiwa limebakiza muda mfupi kuupiga, hapo atapata tabu. Ukuta ukiwa wa mashariki, kivuli kinamngoja mchana, na boti ya mwisho ndiyo itakayomrudisha kwa wakati, hata kama bado anatamani njia moja zaidi. Uliza pia kama boti husimama upepo ukiwa mkali, na kama ndivyo, uliza kama kuna barabara ya kuzunguka. Tuwekee hapa ratiba na jina la mwamba tuviangalie pamoja.